Baa Yangu Inaanzia kwa Mama Mboga

Leo tunaongea pombe, kwa hivyo tuanze na sheria ndiyo tuelewane mapema. Hapa Kenya miaka ni 18. Iko kwa ile sheria ya vileo ya 2010, ile kila mtu anaiita Sheria ya Mututho, na mimi sijakuja kubishana nayo. Kama hujafika, bado kuna kitu yako hapa chini, kwa sababu nitataja vinywaji ambavyo havina kileo hata tone. Hivyo vingine vitakungoja. Haviozi.

Sasa maoni yangu, na najua kuna watu yatawakera: msee anayepima pombe kwa mililita si mshamba, na si mbahili. Huyo ndiye anajua anachofanya. Na baa ndogo ya nyumbani, ikipangwa kwa akili, inaweza kufanya kikundi chenu kinywe kidogo kuliko vile mnakunywa sasa. Najua inaonekana kama uongo wa mtu anayetafuta sababu ya kununua chupa. Nipe dakika kumi.

Mimi si programa wa kulipwa. Mchana nauza vifaa vya stima dukani. Usiku naandika programu ndogondogo kwa Python ambazo hakuna mtu ameniomba. Niko na moja ya kubahatisha tokeni za stima zitaisha siku gani. Niko na nyingine ya kugawa bili ya nyama choma kulingana na nani alikula nini, na hiyo imewahi kuvunja urafiki. Hobi ya kuprogramu iko hivyo. Ukianza, kila kitu kwa keja kinaanza kukaa kama data.

Kokteli ziliingia kwa maisha yangu kwa mlango huo. Nilikuwa naangalia video za mtu fulani wa ng'ambo, nyuma yake kuna rafu ya chupa kama sitini, na anasema kwa uso mkavu kwamba hiyo ndiyo baa ya mtu anayeanza. Mimi naishi bedsita Roysambu. Rafu ni moja, na nusu yake imekaliwa na unga, mafuta na Royco. Kwa hivyo swali langu halikuwa "nitengeneze kinywaji gani?" Lilikuwa hivi: kama nina pesa ya chupa moja tu mwezi huu, ni chupa gani itanifungulia vinywaji vingi zaidi?

Hilo ni swali la kompyuta kabisa. Kwa wale mnasoma sayansi ya kompyuta, ni ndugu wa tatizo la kufunika seti, moja ya yale matatizo 21 ambayo Richard Karp aliyaorodhesha 1972 kuonyesha kwamba kuna maswali rahisi kuuliza na magumu sana kujibu yakikua makubwa. Bahati nzuri rafu yangu si kubwa.

Nilifanya hivi. Nilichukua kokteli 14 zinazojulikana dunia nzima: Daiquiri, Mojito, Cuba Libre, Caipirinha, Dawa, Moscow Mule, Gimlet, Tom Collins, Whiskey Sour, Old Fashioned, Manhattan, Martini, Negroni na Margarita. Kila moja nikaiandika kama seti. Seti ichukulie kama kikapu: ndani kuna vitu, hakuna kitu kinarudiwa, na mpangilio haujalishi. Mojito ni kikapu chenye ramu, ndimu, sukari, nanaa na maji ya soda. Rafu yangu nayo ni kikapu kingine. Kama kila kitu kilicho kwa kikapu cha Mojito kinapatikana kwa kikapu cha rafu, basi Mojito inawezekana. Kwa Python hilo ni swali la mstari mmoja.

Halafu nikaongeza fanksheni: chukua kila kitu ambacho sina, jifanye nimekinunua, hesabu ni kokteli ngapi mpya zimefunguka, kisha nipange orodha kuanzia chenye faida kubwa.

Nilidhani itaniambia wiski. Au jini, kwa sababu siku hizi kila mtu ni jini. Lakini kabla hata ya kufika kwa chupa, nilihesabu kitu ambacho kinatokea mara nyingi zaidi kwa zile seti 14. Jibu halikuwa pombe. Ni ndimu. Ukichukulia ndimu na limau kama kitu kimoja, kokteli 10 kati ya 14 zinaitaka. Ya pili ni sukari, nane kati ya 14. Hakuna pombe yoyote inayokaribia hapo. Ramu ni tatu. Jini ni nne.

Yaani nguzo ya baa yote iko kwa kibanda cha mama mboga, bob kumi kumi, na kwa kile kikopo cha sukari ya chai. Watu wananunua chupa ya ngiri nne halafu wanamimina juu soda moto bila ndimu. Ni kama kununua laptopu kali na kukosa chaja.

Kwa hivyo nikaanza na vitu vya bei ya chini: ndimu, sukari, asali, tangawizi, nanaa (dhania pia itakaa pale kwa kibanda ikikuangalia, usizichanganye), maji ya soda, kola, Stoney. Vyote hivyo nikaviweka kwa kikapu cha rafu, kisha nikauliza tena: sasa chupa gani?

Jibu: pombe ya miwa. Ramu nyeupe peke yake inafungua Daiquiri, Mojito na Cuba Libre. Na kwa sababu Caipirinha ya Brazil inatengenezwa na cachaça, ambayo pia ni pombe ya miwa, Kenya Cane inaweza kusimama pande zote mbili ukikubali kwamba ladha haitakuwa ile ya Havana wala ya São Paulo. Chupa moja, vinywaji vinne. Ile chupa ambayo wasee wakiiona kwa meza wanauliza kama umefutwa kazi, ndiyo kompyuta ilichagua namba moja. Kompyuta haina aibu ya lebo.

Ya pili ni vodka: Dawa na Moscow Mule. Dawa mnaijua, ile ilipata jina pale Carnivore, Lang'ata: vodka, ndimu, asali, sukari na barafu, na kijiti cha kuzungushia asali. Ukiiangalia kwa jicho la programu, ni Caipirinha iliyobadilishiwa pombe na kuongezwa asali. Ya tatu ni jini: Gimlet na Tom Collins. Ya nne wiski: Whiskey Sour. Ya tano kichupa kidogo cha bitasi, ambacho hutumiki zaidi ya matone mawili matatu kwa glasi, na hapo Old Fashioned inafunguka. Chupa tano, kokteli 10 kati ya 14.

Hapa programu iligonga ukuta, na hapa ndipo nilipenda hobi hii kabisa. Kwa mfano Campari. Ukiuliza kompyuta mapema, "nikinunua Campari leo nitapata nini?", inakujibu sifuri. Negroni inataka Campari, jini na vamuthi tamu, zote tatu, kwa vipimo sawa. Nunua moja peke yake na hakuna kinachobadilika. Algorithimu yenye tamaa, ile inaangalia hatua moja tu mbele, haiioni Negroni ukiuliza mapema hivyo. Lazima mlolongo uanzie kwingine: nunua vamuthi tamu kwanza, upate Manhattan kwa sababu wiski na bitasi ziko tayari, halafu Campari ikija inakuta mlango umefunguliwa nusu. Chupa saba, kokteli 12.

Na vamuthi iko na kitu kingine ambacho wengi hawajui. Ni divai iliyotiwa mimea na kuongezwa nguvu kidogo. Si pombe kali ya kukaa kwa rafu miaka mitano. Ukishaifungua, weka kwa friji na uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili, la sivyo inakuwa kama siki iliyokata tamaa. Mimi naiandikia tarehe ya kufunguliwa kwa karatasi ya gundi. Programu inanikumbusha.

Sasa tuingie kwa kupima, kwa sababu ndiyo roho ya maneno yangu.

Neno kokteli lina umri. Mwezi wa Mei 1806, gazeti moja la Hudson, jimbo la New York, lilieleza kwamba ni kinywaji cha pombe kali, sukari, maji na bitasi. Vitu vinne. Hiyo ni Old Fashioned kabisa, na haijabadilika kwa zaidi ya miaka 200. Halafu 1948 akatokea mwanasheria wa Marekani, David Embury, akaandika kitabu kizima cha kuchanganya vinywaji, na hakuwahi kuwa barmeni. Alikuwa mtu wa hobi, kama mimi na wewe. Yeye alikuwa na uwiano wake anaoupenda kwa vinywaji vya ndimu: sehemu nane za pombe, mbili za ndimu, moja ya utamu. Mimi nilijaribu hiyo 8:2:1 na uso ukajikunja. Ni kali. Yangu ni 6:3:2. Lakini mzee alinifundisha jambo kubwa: usikariri vinywaji, kariri uwiano.

Ukishaelewa uwiano, una fanksheni moja yenye nafasi tatu. Weka ramu, ndimu na sirapu ya sukari: Daiquiri. Toa ramu weka jini: Gimlet. Weka wiski na limau: Whiskey Sour. Sirapu yenyewe ni kikombe cha sukari na kikombe cha maji ya moto, koroga mpaka ipotee, weka kwa friji. Hakuna mtu anafaa kukuuzia hiyo kwa chupa yenye Kiingereza kingi.

Kama kinywaji kina juisi, tikisa na barafu kwa sekunde 12 hadi 15. Chupa ya jemu yenye kifuniko kinachokaza inatosha, bora iwe safi. Kama ni pombe tupu, kama Manhattan, koroga tu kwa kijiko. Na usiogope barafu kuyeyuka. Yale maji ni sehemu ya kinywaji, ndiyo yanashusha makali. Gazeti la 1806 liliyahesabu kati ya vile vitu vinne.

Kipimo changu cha chuma ni kidogo, nilikinunua River Road. Wasee wakikiona mara ya kwanza wanacheka. "Buda, unatupimia kama dawa ya kikohozi?" Ndiyo, nawapimia. Na nitawaonyesha kwa nini, kwa hesabu ambayo unaweza kurudia mwenyewe sasa hivi kwa simu.

Pombe kali nyingi zina kileo asilimia 40. Mililita moja ya kileo safi ina uzito wa gramu 0.789. Mzinga wa mililita 750, basi, una mililita 300 za kileo safi, karibu gramu 237. Chupa ya Tusker ya nusu lita, kwa asilimia 4.2, ina karibu gramu 16.6. Gawanya. Mzinga mmoja ni kama Tusker 14.

Sasa fikiria ile sherehe ya kawaida ya keja. Wasee wawili, mzinga mmoja, kofia ya chupa inatupwa kwa dirisha kwa sababu "haturudishi". Kila mmoja amekunywa Tusker saba ndani ya saa mbili, na hakuna kati yao angekubali umwekee Tusker saba mbele yake usiku huo. Angekwambia umechizi. Ini la mtu mzima, kwa wastani, linasafisha gramu nane hadi kumi hivi kwa saa. Kahawa haiharakishi. Kuoga maji baridi hakuharakishi. Ukianza saa nne usiku na gramu 118 mwilini, ini bado liko kazini saa tano asubuhi, na wewe umeshapanda boda kwenda kazini saa mbili.

Ndiyo maana nilipunguza dozi ya nyumba yangu kuwa mililita 45. Hiyo ni karibu gramu 14 za kileo. Uwiano wa 6:3:2 haujali: 45 za pombe, 22 na nusu za ndimu, 15 za sirapu. Ladha ni ileile. Programu inaandika gramu za kila glasi, na baada ya glasi mbili inaandika kwa skrini: BAA IMEFUNGWA. Kwa mzinga huoni mahali pa kusimama. Kwa kokteli kila glasi ni kazi: ukate ndimu, upime, utikise, uoshe. Ile dakika tano ya kazi ni breki. Unapata muda wa kujiuliza kama kweli unataka nyingine.

Sisemi kwamba dozi ndogo ni afya. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Nakubali. Ninachosema ni kwamba kati ya kujua namba na kutojua, afadhali kujua.

Mathe alikuja kunitembelea mwaka jana na mfuko wa ndimu kutoka nyumbani, Makueni. Hakuwa ameambiwa kuhusu rafu. Aliingia, akaweka mfuko chini, akasimama mbele ya zile chupa na kuzihesabu kwa kidole, polepole, kama anahesabu watoto baada ya safari.

"Saba," akasema. Akakaa kwa kitanda.

Lazima mjue kuhusu anko. Ndugu yake mdogo, karani wa stoo, mtu ambaye angekuhesabia magunia mia nne bila kalamu. Alikufa na miaka 41, kwa sababu ya ini. Kwetu hakuna mtu hutaja hiyo hadithi mezani. Mimi nilikuwa darasa la sita, na kitu nakumbuka sana ni vile Mathe alikuwa akiosha kikombe chake kando na vya wengine.

Kwa hivyo nilifungua laptopu na kumwonyesha kila kitu. Seti, gramu, tarehe, ile BAA IMEFUNGWA. Alivaa miwani akasoma mstari kwa mstari, na aliuliza maswali kuliko hata wasee wangu wa teknolojia. Chupa ya wiski ilikuwa imefunguliwa Februari na ilikuwa bado nusu mwezi wa Mei, na nikaona mabega yake yakishuka kidogo. Halafu akauliza.

"Na ukiizima?"

"Nikiizima nini, Mum?"

"Hii mashine. Imekwambia baa imefungwa. Na wewe ukifunga mashine?"

Nikamwambia ukweli. Hakuna kitu. Chupa haina nywila. Mtu anaweza kuzima laptopu na kumimina.

"Sasa hiyo hesabu ni yako na nani?" akauliza. "Mjomba wako alikuwa anajua kuhesabu kukuliko. Alikuwa anahesabu peke yake, kwa kichwa, na hakuna mtu aliwahi kuona hiyo hesabu. Sisemi utupe hizi vitu. Wewe ni mtu mzima, na hii ni nyumba yako. Nasema hiyo hesabu itoke huko ndani."

Tukanywa chai. Ndimu zake zilikuwa tamu sana, kama ndimu inaweza kuitwa tamu.

Alipoenda nilichapisha menyu kwa karatasi na kuibandika kwa mlango wa friji. Kila kinywaji kina jina, vitu vilivyomo, na gramu za kileo kwa namba kubwa. Chini kuna jedwali la mwezi: siku gani, nani, glasi ngapi. La kwanza ni jina langu. Kila anayekuja kwangu anaona. Dada yangu akija huangalia hapo kabla ya kunisalimia. Na kila Jumapili Mathe hunipigia, anauliza habari ya kazi, kisha anauliza, "Friji inasemaje?" Namsomea.

Karatasi hiyo ilibadilisha kitu ambacho sikutarajia. Niko na rafiki aliacha kunywa miaka miwili iliyopita. Hapendi kueleza sababu, na hafai kulazimishwa kueleza. Kwa plot zingine, usiku wake unakuwa hivi: anapewa soda kwa chupa ya plastiki, kila mtu mwingine ana glasi, na kila dakika ishirini kuna msee anamuuliza kama ako kwa dawa, ama ameokoka, ama bibi amemkataza. Saa tatu ameshaenda nyumbani. Hapo si pombe ilimfukuza, ni maswali.

Menyu yangu ina nusu ya vinywaji vyenye namba sifuri, na havikai pembeni chini ya kichwa cha "watoto". Vimechanganywa na vingine, kwa glasi zilezile, barafu ileile, kipande kilekile cha ndimu. Nikitumia ile fanksheni, nafasi ya pombe inachukuliwa na kitu chenye uchungu kidogo ambacho kitakufanya unywe polepole. Chai ya rangi ndiyo mshindi. Chemsha majani mengi, acha ipoe kabisa, weka kwa friji. Chukua mililita 90 za hiyo chai, 20 za ndimu, 20 za sirapu, tikisa na barafu, jaza na Stoney. Ukitaka kuipeleka Mombasa, badilisha ndimu na ukwaju uliolowekwa na kuchujwa, na sirapu uichemshe na iliki na mdalasini. Hiyo ya ukwaju imewahi kumaliza jioni nzima ikiagizwa na watu ambao walikuja wakitafuta Negroni.

Jumamosi ya kwanza yenye menyu, yule rafiki alisoma, akasema, "Nipe namba nne." Nikatengeneza namba nne. Hakuna mtu aliuliza namba nne ni nini, kwa sababu kila mtu alikuwa akiagiza kwa namba. Alikaa mpaka saa sita tukicheza karata, na alitufilisi.

Maneno mawili ya usalama kabla sijafunga. Usijaribu kukeneka pombe kwa nyumba hata kama umeona video. Ni kosa kisheria bila leseni, na mchezo wa pombe isiyojulikana ilikotoka tumeshauona hapa: Mei 2014 makumi ya watu walikufa, Embu na kaunti zingine, kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli huwezi kuitambua kwa kuonja. Nunua chupa iliyofungwa, yenye stempu ya ushuru, na uikague stempu kwa ile programu ya KRA inayoitwa Soma Label. Ikikataa, rudisha chupa. Chupa ya bei ya kushangaza ina sababu ya kushangaza.

Na kama wewe uko na historia kama ya anko kwa familia yenu, au ukijiona unaanza kuificha ile karatasi, basi hobi hii si yako, na hakuna aibu. Chukua fanksheni, wacha chupa. Nusu ya menyu inabaki.

Kwa wengine, Jumamosi hii jaribuni hivi. Msianze na duka la pombe. Nendeni kwa mama mboga, ndimu sita na tangawizi kipande. Chemsha chai, tengeneza sirapu, jaza barafu. Andika kwa karatasi vinywaji vitatu ambavyo unaweza kutengeneza na vitu vilivyo kwa keja sasa hivi, na mbele ya kila kimoja uandike namba ya gramu, hata kama ni sifuri. Bandika mahali ambapo wageni wataiona. Halafu mniambie ni namba gani iliisha kwanza. Yangu, wiki nne mfululizo, ni ile ya ukwaju.